Diplome si kipimo cha mutu

Vijana wenzetu wa Masisi na Walikale, ninyi mungali nyumbani na ninyi mulikimbilia Goma, Bukavu ao Kisangani, leo tunasema juu ya haya ambayo wengi wetu tunaificha.

Tangu utoto tuliambiwa: soma, utakuwa mutu. Mu Masisi wazazi waliuzisha ng'ombe, mu Walikale waliuzisha mafuta ya ngazi, ili minervali ilipwe. Tukasoma. Tukapata diplome d'État, wengine wakafika mpaka lisansi. Leo ile karatasi iko mu valizi, na mwenyewe anaendesha moto ya tajiri, anauzisha kredi ya telefone kando ya barabara, ao anachimba koltani ku Rubaya. Akipita mu kartye wanamuuliza: « Masomo yote ile, ilikuletea nini? » Anaanza kukimbia harusi na matanga.

« Utakuwa mutu. » Kwani mbele ya masomo tulikuwa nini?

Tunakataa uongo mbili.

Uongo wa kwanza: eti kijana bila kazi ni muvivu. Rubaya inatoa karibu 15% ya tantale ya dunia nzima. Tangu mwisho wa mwezi wa ine 2024 iko mikononi mwa M23, na wataalamu wa ONU walihesabu karibu dola 800.000 kila mwezi za kodi ya koltani. Mu Walikale kuko Bisie, moja ya migodi mikubwa ya étain katika Afrika. Na mbele ya M23, miaka yote ile, barabara na shule za kwetu zilikuwa namna gani? Mali iko. Matunda yake njo yanaibwa. Kwa nini haya ibaki kwa aliyeibiwa?

Uongo wa pili: eti masomo ni bure kabisa. Ni nani anafurahi kusikia hivyo? Ni mwenye kutafuta vijana wa kubeba bunduki. Kijana mwenye haya, anayeona kwamba hana samani mbele ya jamaa yake, huyo njo wa kwanza kuchukuliwa. Kwa hiyo, wewe unayecheka mwenye diplome asiye na kazi, ujue unasaidia wale wakubwa wa bunduki.

Furaha si kravati na biro peke yake. Ni kulala kwako bila kukimbia, kulipwa jasho lako, kufikisha maharagi na jibini ku soko bila kulipa kila bariere. Mwenye kukamua ng'ombe ni mutu. Motari ni mutu. Mwalimu pia ni mutu, na mutu analipwa.

Kwa hiyo tunaomba, na tutaendelea kuomba:

Serikali: Katiba, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ni ya bure. Tangu 2019 munajisifu juu yake. Lipeni basi walimu wote, hata wale wangali wanangoja kuandikwa ku listi ya mishahara.

Wenye bunduki, wa upande wowote: tokeni mu mashule na ku barabara.

Wazazi wetu: mbele ya kuuliza « umepata kazi? », ulizeni « uko muzima? »

Na wewe ndugu, dada: toa ile diplome mu valizi. Haikukudanganya. Waliokudanganya tunawajua, na hatutanyamaza.