Profili haifungui mlango uliofungwa kwa ndani

Wandugu vijana wa Masisi, wa Walikale, na nyinyi mulio Goma,

Kila mara kuna formasyo mpya. Wanatuita kwenye chumba, wanatupa soda na sertifika, halafu wanatuambia: “Kijana, jiuze! Jenga jina lako kwenye LinkedIn na Facebook. Ukionekana, kazi itakuja yenyewe.” Tunapiga makofi, tunapiga picha, tunarudi nyumbani. Kazi haiji.

Fundisho hilo lina kwao. Mwaka 1997 Mmarekani Tom Peters aliandika katika gazeti la Fast Company kwamba kila mtu ajione kama alama ya biashara. Aliandikia nchi ambako makampuni yalikuwa yanatafuta watu wa kuajiri. LinkedIn ilifunguliwa mwaka 2003, na mwaka 2016 Microsoft iliinunua kwa zaidi ya dola bilioni 26. Sisi tunakatwa mega kwa kujaza profili usiku. Faida inaingia kwao.

Tuangalie kwetu sasa. Rubaya, katika Masisi, inatoa koltani. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekadiria kwamba karibu asilimia 15 ya tantalamu ya dunia inatoka pale, na tangu mwisho wa Aprili 2024 M23 ndiyo imeshika machimbo hayo. Bisie, katika Walikale, ni mojawapo ya machimbo makubwa ya bati duniani. Machi 2025 vita vilisogea, kampuni ya Alphamin ikasimamisha kazi, ikairudia Aprili. Tantalamu iko ndani ya simu yako. Bati ndiyo inashikisha vipande vyake. Lakini kijana wa Walikale anapanda kilima kutafuta rezo, na akiipata anasoma tangazo: “Tuma dosie kwa imeli tu.” Kazi inafanyika Walikale, kijiji ni chake, lugha ni zake, lakini mwenye kuitwa ni yule wa mjini mwenye intaneti nyumbani. Halafu wanasema vijana wa ndani hawana uwezo.

Hata sisi wenye rezo, profili inatufikisha wapi? Mimi nina lisansi. Shirika moja lilinijibu kwamba nafasi imekwisha kupata mtu, na tarehe ya mwisho kwenye tangazo lao ilikuwa bado haijafika. Kila mmoja wenu ana hadithi kama hiyo. Mtaani tunaisema kwa maneno machache: “Hauna mutu, hauna kazi.” Kama nafasi imegawanywa kabla ya kutangazwa, picha yenye kravati itasaidia nini?

Ndiyo maana fundisho la kujiuza linawafurahisha wakubwa. Linafanya ukosefu wa kazi uonekane kuwa kosa la mtu mmoja mmoja: haukuandika vizuri, haukutabasamu vizuri, haukujulikana. Katiba ya 2006, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na wajibu mtakatifu kwa kila Mkongomani, na kwamba dola inahakikisha haki hiyo na kumlinda raia asikose kazi. Haikuandika “kwa kila Mkongomani mwenye wafuasi elfu moja”.

Na sisi wenyewe tuambiane ukweli. Kijana anajiita “CEO” wa kampuni ambayo iko kwenye simu tu. Mwingine ni “konsulta wa kimataifa”, na nauli ya moto hana. Lenye aibu zaidi ni hili: watu wa Masisi walipokimbilia Bulengo na Rusayo, kuna vijana waliofika pale na kilo chache za unga na simu tatu za kupiga picha. Mama aliyepoteza shamba, ng'ombe na mtoto akawa pambo la profili ya mtu. Hakuulizwa ruhusa. Kambi zile zilibomolewa Februari 2025, lakini sura ya yule mama ingali inazunguka. Ukipata kazi kwa jina hilo, umelipwa kwa machozi ya nani?

Tusisahau pia kwamba hapa kwetu kuonekana kuna bei. Anayekwambia “onyesha kila siku uko wapi na unafanya nini” hajawahi kuishi mahali ambapo mwenye bunduki naye anasoma Facebook.

Je, tufute akonti? Hapana. Agronomu wa Masisi anayeonyesha jinsi ya kuokoa viazi shambani, muuguzi wa Walikale anayefundisha akina mama namna ya kutayarisha maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayehara, hao watumie mitandao, waheshimike. Hapo kazi inatangulia, jina linafuata.

Kwa hiyo tunadai, kwa wakubwa wote wenye kuajiri, serikali, mashirika na makampuni ya madini:

Kila nafasi itangazwe wazi, na baada ya mtihani majina na pointi vibandikwe ukutani.

Dosie za kazi za Masisi na Walikale zipokelewe palepale, kwa karatasi, kwa mkono.

Staji ilipwe. Mtu hawezi kutumika miezi sita kwa sertifika.

Na kwetu sisi vijana: mwenye mega awasomee wenzake matangazo. Usilipe hata falanga moja kwa mtu anayekuomba “pesa ya dosie”. Usipige picha ya mkimbizi bila ruhusa yake. Usijipe cheo ambacho hauna. Na tangazo likiwa la uongo, tulishike pamoja: tupige kopi, tuandike barua moja yenye majina mia, twende nayo pale mlangoni.

Mtu mmoja akipiga hodi, wanajifanya hawasikii. Tukipiga wote, watafungua.