Tapeli Ana Mwongozo, Mhandisi Hana

Mwongozo bora wa blokucheni niliowahi kuusoma kwa Kiswahili uliandikwa na tapeli.

Niliuona Korogwe, nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya steshenari iliyo jirani na stendi, kwenye simu ya binamu yangu. Lilikuwa faili la PDF lenye kurasa 11. Ukurasa wa kwanza ulieleza pochi ya kidijitali ni kitu gani, kwa mfano wa laini ya simu na namba ya siri, mfano ambao mtu yeyote aliyewahi kutuma pesa kwa simu anauelewa kabla hajamaliza sentensi. Ukurasa wa pili: pakua hiki, bonyeza hapa, ukiona maandishi mekundu usiogope, rudi nyuma hatua moja. Kila hatua ilikuwa na picha ya kioo cha simu, na kila picha ilikuwa na duara pale pa kubonyeza. Mwishoni kulikuwa na majibu ya maswali ya kawaida, na namba ya mtu wa kumpigia ukikwama. Ndoano ilikuwa ukurasa wa tisa: weka kiasi hiki, lete watu watatu, subiri siku thelathini.

Binamu alikuwa ameshaweka. Shilingi 250,000, fedha za msimu wa machungwa. Siku ya thelathini na moja ile namba ya msaada haikupatikana tena.

"Kaka, si ndiyo kazi yako hii?" aliniuliza. "Mbona hukutuambia?"

Naandika programu kwa ajili ya kula, na jioni huchangia miradi ya chanzo huria, miwili kati yake ni ya blokucheni. Ningeweza kumfungulia binamu maelfu ya kurasa za wahandisi wakweli pale pale kwenye benchi. Hakuna hata moja ambayo ingemsaidia. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na zote zimeandikwa kwa mtu ambaye tayari anajua. Tapeli alikaa chini akamfikiria msomaji wa Korogwe: simu yake, hofu yake, mahali atakapokwama. Sisi hatukumfikiria. Tumeacha chumba wazi, tapeli akaingia na kiti chake.

Ndiyo maana nachoka ninaposikia kwamba jumuiya ya wasanidi wa blokucheni Afrika Mashariki inajengwa. Inajengwa kwa nini? Kwa ukumbi wa kukodi Dar es Salaam au Nairobi, fulana, vibandiko vya kompyuta, soda, na hakathoni ya siku mbili ambayo mshindi wake hupigwa picha na hundi ya kadibodi. Jumatatu ukumbi unarudi kwa mwenyewe. Aliyekuwa ndani ya ukumbi amepata rafiki wa kumuuliza. Asiyekuwemo amebaki na ukurasa tu, na ukurasa wenyewe umeoza.

Nimtaje mmoja wa wasiokuwemo. Kutoka Korogwe kwenda Handeni ni barabara ya lami ya kilomita zipatazo 65. Huko Chanika, katikati ya mji wa Handeni, yuko kijana aliyesomea kompyuta ngazi ya diploma, mwenye laptopu ya mtumba na bando la wiki. Alitaka kuandika mkataba mdogo wa blokucheni: chama cha kuweka akiba ambacho mweka hazina hawezi kubadilisha hesabu usiku. Wazo zuri, na la kwao. Alitafuta mwongozo, akapata unaosomeka vizuri, akaufuata kwa jioni tatu.

Mwongozo ulimwambia atumie Truffle. Kampuni ya Consensys ilitangaza Septemba 2023 kwamba inaachana na zana hiyo. Ukamwambia apeleke kazi yake kwenye Ropsten, mtandao wa majaribio wa Ethereum. Ropsten ulizimwa mwishoni mwa 2022. Mtandao uliotajwa kama mbadala, Goerli, nao ulifikia mwisho wake 2024. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ukurasa ule umekufa. Haukuwa hata na tarehe. Kijana aliona kosa baada ya kosa, na kila kosa alilirudisha kwake mwenyewe.

Jioni ya tatu aligundua mtandao ulio hai, Sepolia, akaenda kuomba sarafu za majaribio. Mahali pa kuziomba wenyewe hupaita bomba. Bomba alilolipata lilimtaka kwanza aonyeshe kwamba ana sarafu halisi kwenye pochi yake, eti kuzuia wadanganyifu. Yaani bomba linalompa maji mwenye ndoo iliyojaa. Handeni ni mji unaojua bei ya dumu la maji. Bomba lake kuu linavuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe, na watu wake wamezeeka wakiulizana lini yatatoka. Kijana alicheka, akafunga laptopu.

"Nadhani kazi hii si ya watu kama mimi," aliniambia.

Sentensi hiyo ndiyo hasara yetu kubwa kuliko zote. Programu mbovu hulaumiwa na mtumiaji wake. Mwongozo mbovu humfanya msomaji ajilaumu mwenyewe, na anaondoka kimya. Hakuna takwimu inayomhesabu. Kwenye ripoti za jumuiya zetu wamo waliohudhuria, hawamo waliofunga laptopu.

Wala hili si jambo la Handeni peke yake. GitHub walipowauliza watu wa chanzo huria mwaka 2017, asilimia 93 walisema nyaraka pungufu au zilizopitwa na wakati ni tatizo wanalokutana nalo. Katika uchunguzi huo huo, asilimia 60 ya wachangiaji walisema ni nadra kugusa nyaraka, au hawazigusi kabisa. Kila mtu anaona choo kichafu, na kila mtu anasubiri mwingine afagie. Hatufagii kwa sababu kufagia hakuhesabiwi kuwa kazi. Anayeandika msimbo huitwa mhandisi. Anayeandika maelezo ya msimbo huambiwa asante.

Najua jibu linalonisubiri: lugha ya programu ni Kiingereza, kijana ajifunze. Nakubali nusu yake. Maneno ya amri yabaki yalivyo, hakuna anayetaka kuandika Solidity kwa Kiswahili. Lakini amri ni maneno machache, na maelezo ni bahari. Kuna Kiingereza cha kujibia mtihani na kuna Kiingereza cha kuelewa kitu kigeni saa nne usiku bando likikaribia kuisha. Wengi wetu tuliosoma shule za msingi za Kiswahili tulipewa cha kwanza. Uchunguzi ule wa 2017 ulikuta karibu robo ya waliojibu wakisema Kiingereza chao hakijafika "vizuri sana", na hao ni watu ambao tayari wamo ndani.

Tazama jambo moja dogo. Pochi nyingi za blokucheni hukupa maneno 12 au 24 ya kuandika kwenye karatasi. Ukiyapoteza, umepoteza fedha. Mtu akiyapata, amezichukua. Yanatoka kwenye orodha ya maneno 2,048 iliyowekwa na kiwango kiitwacho BIP-39, cha mwaka 2013. Ipo orodha rasmi ya Kijapani, ya Kikorea, ya Kiitaliano, hata ya Kicheki, lugha ya watu wapatao milioni 10. Ya Kiswahili haimo. Hatukufungiwa mlango. Kicheki kiliingia kwa sababu alikuwepo mtu wa kuandika orodha na kuituma.

Sisemi tukimbilie kutunga yetu. Wataalamu wenyewe hushauri orodha ya Kiingereza, kwa kuwa pochi nyingi haziisomi nyingine. Nasema angalau mtu wa Korogwe anayenakili maneno 12 ya lugha asiyoizoea aambiwe kwa Kiswahili kwamba herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambua kila neno, kwa hiyo azikague hizo kwanza. Aambiwe kwamba hakuna mtu mwaminifu atakayemwomba maneno hayo. Na aambiwe jambo ambalo mwongozo wa tapeli ulilificha: ukikosea kutuma pesa kwa simu, kuna huduma kwa wateja ya kupiga ikajaribu kuzirudisha. Huku hakuna wa kumpigia. Ukweli huo unachukua mistari mitatu, na mistari hiyo sijawahi kuikuta kwa Kiswahili kwenye ukurasa wa kwanza wa mradi wowote niliowahi kuufanyia kazi, yangu miwili ikiwemo.

Wengine watasema basi tutafsiri, mashine zipo. Jaribuni. Kwa Kiingereza yale maneno 12 huitwa kwa jina la mbegu. Mashine itaandika "mbegu", na mbele ya Mtanzania wa umri wa mama yangu utakuwa umeharibu kila kitu, maana "kupanda mbegu" ndiyo lugha ya DECI, upatu uliozimwa mwaka 2009 ukiwa umeshameza akiba za watu. Mkataba unaojiendesha wenyewe tumeuita "mkataba janja". Nenda sokoni Chanika umwambie mama anayeuza mahindi kwamba umemletea mkataba wa kijanja, uone kama atakusogezea kiti. Maneno haya yanahitaji mtu anayejua yalikopita.

Na yanahitaji mtu wa kubaki nayo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya chanzo huria kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima, iliyofanyika kabla wengi wenu hamjaanza darasa la kwanza. Leo sijakutana na kijana aliyewahi kuitumia. Simlaumu aliyeianzisha. Najifunza tu kwamba programu hutoa toleo jipya kila mara, na maandishi yasiyo na mlezi hubaki na toleo la mwaka yaliozaliwa.

Wakati sisi tunasuasua, dola haijasuasua. Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba sarafu hizi si halali nchini. Juni 2021 Rais Samia aliitaka benki hiyo hiyo ijiandae kwa mabadiliko yanayokuja. Tangu Julai 2024 kuna kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Mkusanya kodi ameshapata maneno yake ya Kiswahili. Tapeli anayo siku nyingi. Ni mjenzi tu ambaye bado anatafuta.

Kwa hiyo wanaotaka jumuiya wafanye haya, kisha wakodi kumbi. Fungu la fulana liwe mshahara wa mtu anayeandika na kutunza nyaraka, na aitwe mhandisi. Kila ukurasa uwe na tarehe uliyojaribiwa mara ya mwisho, na ukifa uandikwe juu kabisa kwamba umekufa. Mwongozo wa kuanzia uwe faili moja jepesi linalopakuliwa mara moja na kusomeka bila bando. Kabla haujatolewa, apewe mtu mgeni wa kazi hiyo, na mwandishi akae pembeni afunge mdomo, aandike kila mahali mgeni anapokwama. Mkwamo huo ni kosa la ukurasa. Usahihishwe ukurasa.

Na wewe unayesoma hapa, uliyesoma hadi chuo na unayesema unatafuta pa kuanzia kwenye chanzo huria, usingoje mpaka uandike msimbo wa kutisha. Tafuta ukurasa mmoja uliokulaza macho, ule uliokuchukua jioni tatu. Uandike upya kama ulivyotamani kuukuta.

Mimi nilianza na deni langu. Nilirudi kwenye ile steshenari na binamu, tukauweka mwongozo wa tapeli mezani, tukaufuata mpangilio wake hatua kwa hatua, tukaandika ukweli. Zilitoka kurasa nne. Nikampa mama mwenye duka ajaribu, nikafunga mdomo. Mstari wa pili alisimama.

"Umesema ufunguo," akasema. "Uko wapi huo ufunguo? Mimi naona maneno tu."

Nilikuwa nimeandika neno hilo mara 14, na mara zote 14 nilikuwa nikijiandikia mwenyewe. Tukalitoa. Jioni ile akabandika kurasa ukutani, kando ya bei za picha za pasipoti. Chini niliandika tarehe, na namba yangu.

"Na zikipitwa na wakati?" akauliza.

"Utanipigia, mama."

"Huyo mwenzako naye aliacha namba," akasema. "Wewe njoo mwenyewe uzibandue."