Mkoba wa Ngozi Unapozeeka



Mkoba ni kabati dogo la mama. Humo hukaa kadi ya kliniki ya mtoto, kitabu cha VICOBA, funguo, miwani, na mara nyingine hati ya kiwanja inayopelekwa ofisini. Mshikio ukikatika ukiwa juu ya bodaboda, hasara haiishii kwenye mkoba. Kwa hiyo mwezi huu tumeona vema tuzungumzie mkoba wa ngozi uliozeeka: namna ya kuutunza, kuutengeneza, na kujua wakati wa kuupumzisha.

Dada mmoja wa Chamwino ametuuliza swali ambalo tunaamini ni la wengi. Marehemu mama yake, aliyekuwa mwalimu, alimwachia mkoba wa ngozi wa kampuni yenye jina huko Ulaya. Ulikaa Dar es Salaam miaka mingi, kisha dada huyu akahamia Chamwino kikazi. Sasa mkoba umekuwa mgumu, umefanya mistari midogo kwenye mikunjo, na mshikio mmoja unaanza kuachia. Wifi yake amemshauri aupake mafuta ya alizeti. Je, aupake?

Jibu letu ni fupi: asiupake. Sababu zake ni ndefu kidogo, na tunaomba mtuvumilie.

HEWA YA DODOMA NA NGOZI

Kule pwani adui mkubwa wa mkoba ni ukungu, kwa sababu hewa ina unyevu. Hapa Dodoma adui ni ukavu. Mvua zetu kwa kawaida huanza Desemba na kumalizika Aprili. Miezi inayobaki ni jua, upepo na vumbi. Tangu uamuzi wa mwaka 2016 wa serikali kuhamia Dodoma, familia nyingi zimekuja kutoka pwani na vyombo vyao. Watu huizoea hewa mpya, lakini ngozi ya mkoba haina namna ya kujisaidia.

Ngozi ni nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotana. Kiwandani hutiwa dawa ili isioze, ama ya magome ya miti ama ya chumvi za kromi. Miwati ya Njombe, ambako kampuni ya miti hiyo ilianzishwa mwaka 1949, hutoa dawa ya namna ile ya kwanza. Baada ya hapo ngozi hutiwa mafuta ili nyuzi zake ziteleze zinapokunjwa. Mafuta na unyevu vikipungua, nyuzi husuguana na kukatika, hasa penye mkunjo na pale mshikio unapoungana na mkoba. Mafuta mapya huzilainisha nyuzi zilizo nzima, lakini hayaungi zilizokwisha kukatika. Basi matunzo yaanze kabla ya nyufa.

KWA NINI SI ALIZETI

Mafuta ya alizeti yamo karibu kila jiko la mkoa wetu, na ni mazuri kwa chakula. Lakini tazama mdomo wa dumu lililokaa muda mrefu: mafuta yaliyochuruzika hapo yamekuwa ya kunata, kisha yakafanya utando. Ndivyo yatakavyofanya ndani ya ngozi. Siku ya kwanza mkoba utang'aa na kila mtu atausifu. Baada ya miezi michache utanata, utashika vumbi, na mwishowe utakuwa mgumu kuliko mwanzo. Mafuta hayo yakishaingia, kuyatoa ni kazi ngumu sana.

Samli nayo haifai. Ni kweli kwamba wafugaji tangu zamani walilainisha ngozi kwa kuzisugua na mafuta ya mifugo. Lakini ngozi zile zilivaliwa na kusuguliwa kila mara. Mkoba unaokaa kabatini ukipakwa samli hunuka, na panya huja kuutafuna.

KWANZA JUA ULICHO NACHO

Chungulia ndani, mahali ngozi ilipokatwa au kushonwa. Ukiona nyuzinyuzi kama za sponji, ni ngozi halisi. Ukiona kitambaa kilichofunikwa na utando wa plastiki, ni ngozi bandia. Hiyo ikianza kubanduka maganda, hakuna mafuta yatakayoisaidia. Usipoteze fedha zako.

Jina kubwa pekee halitoshi kukuambia. Kampuni ya Louis Vuitton ya Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 1854, inajulikana sana kwa mikoba ya turubai iliyopakwa utando wa plastiki. Mingi ya mikoba hiyo ina ngozi kwenye mishikio na pembeni tu, tena ngozi isiyofunikwa rangi, ambayo hubadilika taratibu kuwa ya rangi ya asali. Anayepaka kiwi nyeusi au mafuta hapo ameharibu kitu ambacho hakikuwa kigonjwa.

NAMNA YA KUUHUDUMIA

Kwanza, toa kila kitu ndani na ukung'ute. Ondoa vumbi kwa brashi laini kabla ya kutumia maji, kwa kuwa vumbi letu lina mchanga, na ukilisugua hukwaruza.

Pili, futa kwa kitambaa cheupe kilicholowanishwa kidogo na kukamuliwa sana. Uchafu ukigoma, tumia tone la sabuni ya maji isiyo kali, kisha futa tena kwa kitambaa kisicho na sabuni. Usitumie sabuni ya unga wala spiriti.

Tatu, anika kivulini hadi ukauke. Usiuweke juani wala karibu na jiko la mkaa.

Nne, tafuta krimu ya ngozi isiyo na rangi. Ukiikosa, matone machache ya mafuta ya nyonyo yanaweza kusaidia, kwa sababu hayafanyi utando kama alizeti. Jaribu kwanza chini ya kitako cha mkoba na usubiri hadi kesho yake, maana mafuta hufanya ngozi iwe nyeusi zaidi. Ukiridhika, pakaza kwa kitambaa, kidogo sana, kisha acha usiku kucha na ufute yaliyobaki juu. Ni afadhali kurudia baada ya mwezi kuliko kulowesha siku moja. Ngozi yenye manyoya laini kama velveti isipakwe kabisa.

Doa la mafuta ya chakula linyunyizie poda ya mtoto, acha usiku mmoja, kisha lipanguse. Poda hunyonya mafuta.

UKIENDA KWA FUNDI

Mshikio unaoachia usisubiri ukatike. Fundi viatu mzuri anaweza kuutengeneza, lakini mama akae hapo na aeleze anachotaka. Mwombe apitishe sindano katika matundu yaleyale ya zamani. Matundu mapya yakisongamana, ngozi iliyozeeka huchanika kwa kuyafuata, kama stempu zinavyochanwa. Uzi usiwe mnene wala mkali mno. Palipochoka apachike kipande cha ngozi laini kwa ndani kabla ya kushona. Gundi isionekane nje. Patana bei kwanza, na toa karatasi zako zote kabla ya kumkabidhi.

Rangi mpya ifikiriwe mara mbili. Kwa mkoba wa kawaida si vibaya. Lakini kwa mkoba ulioachiwa na mzazi, alama ya kiganja chake pale kwenye mshikio haitarudi ikishafunikwa rangi. Tungemshauri dada wa Chamwino asafishe, alainishe kidogo, ashonewe mshikio, na rangi aiache kama ilivyo.

UKIWA UMEKWISHA

Ngozi ikitoa unga mwekundu unaochafua mikono, imeoza kwa ndani, na mafuta hayataiponya. Mkoba kama huo usibebe tena mizigo. Uhifadhi kwa kumbukumbu, na hati zako zihamie kwenye mkoba ulio imara. Ukiamua kuuza mkoba uliotengenezwa, mwambie mnunuzi ulipotengenezwa.

Kwa kuhifadhi, jaza ndani vitambaa safi visivyochuja rangi ili mkoba usikunjamane. Usijaze magazeti, kwani wino wake hutia madoa kwenye bitana. Uvike foronya ya pamba, si mfuko wa plastiki, na uulaze rafuni badala ya kuutundika kwa mshikio. Kila mwisho wa mwezi vuta mishikio taratibu na uangalie nyuzi zake. Ni kazi ya dakika 5, nayo inafaa ifanywe kabla ya safari ya kupeleka mtoto kliniki.