Dawa ya kumnyamazisha mtoto (sehemu ya 4)

Mama zangu, tangu ile posti ya dawa za mafua wanazopewa watoto ili walale, ujumbe umejaa kwenye simu yangu. Wengi mnasema kitu kimoja: "Nesi, mama anayempa mtoto dawa ili alale si mama." Hapo sikubaliani na nyie, na leo nitawapeleka mbali kidogo, Uingereza ya zamani, muone kwa nini.

Kabla ya viwanda, wanawake wengi wa eneo la Lancashire walisokota pamba nyumbani. Sisemi maisha yalikuwa matamu, maana walichoka na malipo yalikuwa madogo. Ila mtoto akilia, mama anaacha gurudumu lake, ananyonyesha, anaendelea. Zikaja mashine za kuendeshwa kwa maji, halafu kwa mvuke. Kazi ikahamia kiwandani na mama akaifuata. Mji wa Manchester ulikuwa na watu kama 75,000 mwaka 1801, na kufika 1851 walishapita 300,000. Wakabanana kwenye vyumba, wengine vyumba vya chini ya ardhi, maji machafu yanapita mlangoni. Mwaka 1842 Edwin Chadwick alitoa ripoti iliyoonyesha kwamba kwa familia za vibarua wa Manchester wastani wa umri wa kufa ulikuwa miaka 17. Msielewe vibaya, si kwamba watu wazima walikufa wakiwa na miaka 17. Ni watoto wachanga waliokufa kwa wingi, wakaushusha ule wastani.

Sasa mfikirieni mama wa pale. Sheria ya 1844 ndiyo iliyosema mwanamke wa kiwanda cha nguo asizidishe masaa 12 kwa siku, na ya 1847 ikashusha hadi 10. Kabla ya hapo ilikuwa zaidi. Ukichelewa kengele unakatwa mshahara. Amejifungua juzi, matiti yamejaa, maziwa yanalowesha nguo, na mtoto yuko mtaa wa tatu na bibi jirani anayelea watoto wengine kadhaa kwa malipo kiduchu. Huyo bibi atawanyamazisha vipi wote?

Jibu lilikuwa dukani, kwa bei ya maskini. Dawa ya maji, tamu, ikiitwa Godfrey's Cordial. Ndani yake kulikuwa na afyuni iliyochanganywa na molasi na viungo. Kila muuza dawa alikuwa na kipimo chake, kwa hiyo nguvu ya chupa hii haikuwa sawa na ya ile. Mtoto analala kweli! Lakini afyuni inapunguza pumzi, inafunga choo, inaua hamu ya kula. Mtoto mwenye njaa anatakiwa alie, ndiyo kengele yake ya pekee. Ukiizima, anakonda kimya kimya huku wewe unajua ametulia. Wengine hawakuamka kabisa.

Wakubwa wa wakati ule walisemaje? Eti wanawake wa viwandani ni wazembe, hawajui kulea. Walihubiriwa sana.

Halafu kikatokea kitu ambacho mimi huwa nakirudia kila nikipata nafasi. Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Marekani, pamba ikakatika, viwanda vya Lancashire vikasimama kwa miaka. Njaa iliwapiga watu hasa. Daktari Edward Smith alitumwa na serikali kuangalia hali zao, na pamoja na dhiki yote ile ilionekana kuna faida moja: akina mama walikuwa nyumbani, wananyonyesha, na ile chupa ya afyuni haikuhitajika. Ni wanawake wale wale waliokuwa wanaitwa wazembe! Hawakupewa semina. Walipata muda tu, tena wakiwa na njaa.

Ndiyo maana sipendi kumsema mama peke yake. Mwaka 1891 Uingereza ilikataza mwenye kiwanda kumwajiri mwanamke ndani ya wiki 4 baada ya kujifungua. Vizuri, lakini bila malipo yoyote. Atakula nini hizo wiki 4? Mwaka 1919 mkataba wa shirika la kazi duniani, ILO, ukataja wiki 12 kwa jumla, na mapumziko ya kunyonyesha kazini.

Wiki 12 ni siku ngapi? 84. Ni hizo hizo tunazopewa hapa Tanzania kwa sheria ya kazi ya 2004, pamoja na muda wa kunyonyesha hadi masaa mawili kwa siku. Mimi nakwambia kliniki mnyonyeshe maziwa tu miezi 6, na kitumbua chako kinakuita miezi 3 ikiisha. Nani alipiga hesabu hiyo? Na hapo nazungumzia mwenye mkataba. Mama ntilie, dada wa saluni, mbanguaji korosho wa kulipwa kwa kilo, wao siku 84 wanazisikia redioni.

Dawa ya mafua usimpe mtoto ili alale, hilo halijabadilika na wala sitalegeza. Mtoto mchanga anaweza kushindwa kupumua. Ila ukigundua dada wa kazi au jirani anampa, kabla ya kufoka muulize anabaki na watoto wangapi na unarudi saa ngapi. Na nyie akina baba mnaosoma kupitia simu za wake zenu: yale masaa mawili mkumbusheni ayaombe kwa maandishi, na kama bosi ni wewe, yatoe bila kuombwa.

Posti ijayo ni kukamua na kutunza maziwa kwa wasio na friji. Mwenye swali aniandikie kabla ya Jumapili, maana wiki ijayo niko zamu ya usiku.