Mwenye Kovu Usidhani Kapoa

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, Mji wa Kale, lakini kazi ya ualimu ilinileta Ekerenyo, katika nchi ya Wagusii upande wa Nyamira. Nikaoa huku huku, na watoto wangu wawili wanasema Kigusii kwa bibi yao na Kiswahili cha Kimvita kwangu. Leo sisemi habari za mvua wala majani ya chai. Nataka kusema habari za nyumba yenye mtoto anayetibiwa saratani, kwani nyumba hiyo ni yangu.

Binti yetu alikuwa na miaka sita alipoanza homa. Huku homa ni malaria mpaka ithibitike vingine. Akapewa dawa ya malaria mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Akazidi kupauka, na miguuni akatoka madoa kama aliyepigwa fimbo. Damu ilipokuja kupimwa sawasawa, tukaambiwa ni saratani ya damu.

Habari ilipoenea, watu walikuja kwetu kwa sura za matangani. Mmoja aliniuliza, mtoto akisikia, kama ameshawahi kupigwa picha. Siwalaumu. Kabla ya mwaka 1948, Daktari Sidney Farber wa Boston alipoonyesha kuwa dawa zaweza kuurudisha nyuma ugonjwa huu, karibu kila mtoto aliyeupata alikufa kwa muda wa miezi. Lakini hiyo ni habari ya zamani. Leo katika nchi tajiri, watoto tisa kati ya kumi wenye aina ya ugonjwa aliyonayo binti yangu hupona.

Tena dawa mojawapo si ngeni kwetu watu wa pwani. Huitwa vinkristini. Asili yake ni lile ua dogo la waridi lenye majani matano, ambalo kwao ni Bukini, nasi twaliona likichanua katika nyua zetu. Wataalamu waliitoa dawa katika mmea huo, na tangu miaka ya 1960 inatibu watoto. Lakini tafadhali, asije mtu akachemsha maua hayo akamnywesha mtoto! Mmea huo una sumu, na dawa yake hupimwa kwa kipimo cha daktari na kutiwa mshipani.

Sasa nije kwenye mila zetu. Dini yetu imetuhimiza kumzuru mgonjwa, na Wagusii nao hawawezi kumwacha jirani peke yake. Lakini dawa za saratani huangusha kinga ya mwili. Mafua ya mtu mzima, ambayo kwake ni kupiga chafya siku mbili, yaweza kumrudisha mtoto huyu hospitali usiku huo huo. Ilibidi mke wangu asimame mlangoni awazuie wageni, na wengine wakaondoka wakisema mke wa mwalimu ana kiburi. Jamaa zangu wa Mombasa nao walitaka kumletea kombe. Nikawaambia dua naipokea kwa mikono miwili, ila maji ya kombe yawe yamechemshwa, na daktari aambiwe kila kinachoingia kinywani mwa mtoto. Wazee wawili walinuna. Mimi naona kumzuru mgonjwa si lazima kumjazia chumba. Aliyekata kuni zetu akaziacha uani bila kubisha hodi, huyo kwangu alimzuru mgonjwa.

Kuna na mtoto mwingine, yule mzima. Mama yake alikaa hospitali wiki nyingi, nami nikawa mtu wa njiani. Mwanangu wa kiume, mwenye miaka kumi, alilala kwa bibi yake, akajifulia nguo zake za shule, na hakulalamika. Siku moja akaniuliza, "Baba, nami nikiumwa, ndipo mama atarudi?" Sikuwa na jibu. Wageni wote waliokuja walimletea zawadi dada yake. Hakuna aliyemwuliza yeye hali yake.

Lakini jambo lililonifanya nishike kalamu ni hili. Mwezi wa kwanza wa dawa ulipokwisha, binti yetu alianza kucheka na kuomba wimbi na samli. Madaktari walisema saratani haionekani tena katika damu, ila matibabu lazima yaendelee, kwani yote pamoja huchukua miaka miwili hadi mitatu. Nami, mwalimu mzima, nilianza kuhesabu nauli. Nilikwisha kukopa shuleni, na ng'ombe alikwisha kuuzwa. Nikamwambia mke wangu, "Si amepona? Tupumzike muhula mmoja."

Maneno yale yakamfikia mama mkwe. Kwa Wagusii iko heshima iitwayo ensoni. Mama mkwe na mume wa bintiye hawakabiliani ovyo. Mama yule alikuja mpaka kizingitini, akanipa mgongo, akasema, "Mwalimu, chai ukiacha kuichuma huwa mti. Siku ukirudi huifikii." Akaacha juu ya gunia pesa zake za bonasi ya chai, akaenda zake. Niliona haya ambayo sijapata kuiona maishani.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Si mimi peke yangu niliyedanganyika. Utafiti wa watoto waliotibiwa saratani Eldoret kati ya mwaka 2007 na 2009 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu waliacha matibabu kabla ya kuyamaliza, na wasiokuwa na bima ndio walioacha zaidi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka shabaha kwamba ifikapo 2030 angalau watoto 60 katika kila 100 wenye saratani wapone. Shabaha hiyo haitafikiwa kwa dawa peke yake. Bima tunayo, na tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF. Lakini mzazi akisha kujiandikisha na kulipa, bado nauli ya matatu na chakula cha mtoto aliyebaki nyumbani ni juu yake.

Kwa hiyo nathubutu kusema kuwa harambee zetu zina kasoro. Tunachanga kwa kishindo siku moja, mtoto akiwa mahututi, kisha tunatawanyika. Kumbe siku ya hatari ni ile atakapoanza kucheka! Heri watu kumi, wa msikitini au wa kijijini, wakubaliane kila mmoja kulipa nauli ya mwezi mmoja kwa zamu, na mwingine amchukue yule mtoto mzima Jumamosi akale naye chakula.

Binti yangu sasa yumo katika mwaka wa pili wa dawa. Nywele zimeota, na asubuhi anagombana na kaka yake juu ya kikombe. Alhamisi tunasafiri tena kwa daktari, kupitia Kericho. Nauli ya safari hii imelipwa na muuza ndizi ambaye hata jina langu hasa halijui. Huniita Mswahili tu. Allah amlipe.