Kompyuta Inayogoma Asubuhi

Kuna ugonjwa wa kompyuta za mezani unaofahamika katika shule na ofisi nyingi. Asubuhi, baada ya kuzimwa usiku kucha, mashine huwashwa, taa ikawaka na feni ikazunguka, lakini kioo hubaki cheusi. Huzimwa na kuwashwa tena, na mara ya tatu au ya nne huamka, ikafanya kazi mchana kutwa bila kusumbua. Kesho yake hugoma vilevile, hadi siku moja haiamki kabisa. Hapo husemwa kwamba imekufa, nayo hupelekwa stoo.

Hukumu hiyo hutolewa kwa pupa. Mashine hiyo imekwisha kutoa ushahidi muhimu: hugoma ikiwa baridi, hukubali ikipata joto. Basi, kabla ya kuuliza kifaa gani kinunuliwe, yafaa kuuliza: ni kitu gani ndani yake ambacho hubadilika kwa joto?

Aghalabu jibu limo katika kisanduku cha umeme, ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Kisanduku hiki hupokea umeme wa volti 230 kutoka ukutani na kutoa umeme wa mkondo mmoja wa volti 12, 5 na 3.3. Kazi ya kuutuliza umeme huo hufanywa na kapasita za elektroliti, ambazo ndani yake mna karatasi za alumini zilizoviringishwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa majimaji yanayopitisha umeme. Miaka ipitapo majimaji hayo hukauka, na ukinzani wa ndani ya kapasita huongezeka. Wanafunzi hujifunza kwamba ukinzani wa waya wa shaba huongezeka kwa joto. Katika majimaji haya mambo ni kinyume, kwani ukinzani huongezeka kwa baridi. Kwa hiyo kapasita iliyochakaa hushindwa kuutuliza umeme asubuhi, na mashine haianzi. Ikijaribiwa mara kadhaa, mkondo unaopita huipasha moto, ukinzani hupungua, na kompyuta huamka.

Jambo hili si la kubuni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kompyuta nyingi duniani ziliharibika kabla ya wakati wake kwa sababu ya kapasita zilizotiwa majimaji duni. Vichwa vyake vilivimba na kuvuja. Hata kapasita nzuri huzeeka. Wahandisi hukadiria kwamba kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10 za Selsiasi, maisha yake hupungua kwa nusu. Ndiyo maana feni iliyoziba vumbi ni adui wa mashine.

Hata hivyo, dhana si uthibitisho. Kiungo cha risasi kilichopasuka nacho huweza kuachana katika baridi na kushikana katika joto. Kadi ya kumbukumbu huweza kulegea. Betri ndogo ya volti 3 ikiisha, saa ya mashine hupotea. Hapana budi kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Kwanza waya utolewe ukutani, kadi ya kumbukumbu itolewe na kurudishwa barabara. Isipofaa, kiungwe kisanduku cha umeme kutoka kompyuta nzima ya aina ileile. Anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja huenda akaiamsha mashine, lakini hatajua ilikuwa inaumwa nini.

Tena kila jaribio lifanywe asubuhi, mashine ikiwa baridi. Fundi anayeipima saa sita mchana, imekwisha kupata joto, ataiona nzima, atatoza fedha zake na kuirudisha. Kosa linalotokea katika hali fulani hutafutwa katika hali hiyohiyo.

Wapo watakaosema kwamba kazi ya mwalimu si ufundi. Ni kweli kwa sehemu. Kisanduku cha umeme kisifunguliwe na mwanafunzi kamwe, kwa maana ndani yake mna kapasita zinazobeba zaidi ya volti 300, nazo huweza kuua hata waya ukiwa umechomolewa. Kubadilisha kapasita ni kazi ya fundi. Lakini kuchunguza, kudhani na kujaribu ni sayansi, na kapasita na ukinzani ni mambo ya fizikia ya sekondari. Shule inayoitupa mashine bila kuichunguza hupoteza mali. Vilevile huwafundisha wanafunzi wake kwamba kubahatisha kunatosha.

Yafaa basi kila chumba cha kompyuta kiwe na daftari. Wanafunzi waandike humo, kwa kila mashine inayosumbua, ilizimwa kwa saa ngapi, iliwaka mara ya ngapi, na ni jambo gani lililobadilishwa. Mashine yoyote isipelekwe stoo kabla ya ukurasa wake kujazwa.