Gitaa halijafa, ni vumbi tu!

Wadau, kuanzia Chunyu mpaka Nachingwea mjini, gitaa la kwaya likigoma kukaza nyuzi mtu anakimbilia plaizi. Napinga! Plaizi inapinda chuma na kumaliza meno ya gia, halafu spea mnaifuata Dar. Mara nyingi ugonjwa ni vumbi na grisi iliyokauka. Legeza waya, sugua gia kwa mswaki mkavu, dondoshea tone moja la mafuta ya cherehani, futa yaliyozidi. Mafuta ya kula hapana, yataganda. Bado ngumu? Legeza kidogo skrubu inayobana gia. Zeze la vigingi vya mbao ni kesi nyingine: sabuni kavu kidogo, maana mafuta yatafanya kigingi kiteleze. Jamani, kabla ya kuwachangisha waumini gitaa jipya, jaribuni tone hilo.